Stesheni ya Sita na Kiti cha Mkuu wa Mauzo

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Mkuu wa Mauzo ameacha kazi. Amepata kwingine, wanasema kampuni ya bima. Aende salama. Kiti chake kiko wazi. Nimekijaribu saa ya chakula cha mchana, watu walipotoka. Kinazunguka! Kina sehemu ya kuwekea mikono. Changu mimi kina miguu mitatu, wa nne ni rundo la vitabu vya risiti.

Mkurugenzi ametuita wauza matangazo wote, yaani mimi na Shangazi. Amesema kiti kitakwenda kwa atakayeleta mkataba mnono zaidi. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, saa nane mchana, mezani kwake. Asiyekuwa na kitu siku hiyo atapangiwa kazi nyingine, au asipangiwe. Hakufafanua. Sikuuliza, halinihusu.

Shangazi si shangazi wa mtu hapa. Ofisi nzima inamwita hivyo, hata Mkurugenzi anayemzidi miaka kumi. Alikaa miaka tisa pale dirishani akipokea matangazo ya vifo. Watu wanakuja na karatasi: marehemu fulani, baba wa fulani, mkwe wa fulani, mazishi saa fulani. Yeye anawapa pole, anawasahihishia majina, anawauliza wamepata usafiri au bado. Mwaka jana wakamhamishia mauzo. Mtu wa dirishani! Anakwenda kwa wateja kwa miguu, amevaa raba. Mimi nina tai nne na cheti cha masoko, kiko ukutani kwenye fremu. Ofisini wananiita Profesa. Heshima haiombwi.

Tatizo letu ni moja. Stesheni yetu ya redio ni ya sita kwa wasikilizaji kati ya kumi za mjini. Ya sita mwaka jana, ya sita mwaka juzi. Mkurugenzi wala halimkoseshi usingizi. Anasema tangu aifungue hajawahi kuwa wa kwanza, na hajawahi kulala njaa. Mawazo ya kizamani hayo! Tangazo ni namba. Mtu ananunua masikio, na masikio mengi ni bora kuliko machache. Hata mtoto analijua hilo.

Jioni nimemwambia mke wangu kiti ni changu. Akauliza nimeshapewa? Nikasema ni suala la muda tu. Nadhani hilo la muda hakulisikia, maana simu ilikuwa tayari sikioni anampigia mama yake.

Jumanne, 4 Machi

Mama Mkwe kapiga saa kumi na mbili asubuhi. Vigelegele, kwenye simu! Sikio la kushoto linavuma mpaka sasa. Ameshawaambia mtaa mzima. Jumapili ya tarehe 16 anaandaa chakula cha kunipongeza, ukoo wote, na shemeji mkubwa atakuja. Huyu shemeji ana duka la vifaa vya ujenzi. Miaka sita sasa ananitambulisha kwa watu kama "yule wa redio", kwa sauti ile ile ya "yule aliyevunja kioo". Nilitaka kumsahihisha Mama Mkwe. Nikafungua mdomo, mdomo ukasema ahsante sana Mama. Basi. Sasa kiti hiki lazima, nikipende nisikipende.

Mpango wa kwanza: kampuni ya soda. Wakala wao wa matangazo yuko kwenye lile jengo refu la vioo. Nimesubiri saa mbili kwenye kochi linalommeza mtu mpaka magoti yanafika kidevuni. Ofisa mwenyewe ni mwanamke wa miwani mikubwa, hana maneno. Hakuitazama hata kalenda niliyomletea. Akauliza namba zetu. Nikatia chumvi kidogo, nikasema tunapanda kwa kasi, utafiti mpya ukitoka tutakuwa wa pili. Akaacha kuandika. Wa pili? Nikasema wa pili, labda wa kwanza. Chumvi ina tabia hiyo, ukishaanza kutia mkono haurudi.

Akasema hivi: matokeo yanatoka Alhamisi ijayo. Tukiwa ndani ya tatu bora, anatia saini siku hiyo hiyo. Mwaka mzima! Nilishuka ghorofa kumi na mbili kwa miguu na lifti ipo, kwa furaha.

Kurudi nikamkuta Shangazi getini anakunywa chai na mtu mwenye mabasi ya kukodi. Nikamuuliza anamuuzia nini. Akasema hauzi kitu, anauliza tu mguu wa mama yake unaendeleaje. Maskini. Nilimhurumia kwa kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Mke wangu jana alirudi kutoka kwao anacheka. Watu wa utafiti wa redio wamepita mtaa wa Mama Mkwe, wameacha vijitabu kwenye nyumba kumi na moja. Kila nyumba kijitabu kimoja. Kila ukurasa ni siku, kila mstari ni saa, na unatia alama kwenye stesheni uliyosikiliza. Jumatatu asubuhi wanapita kuvikusanya. Mama Mkwe kachoka nacho tangu siku ya kwanza. Anasema hakumaliza shule ili aje kupewa kazi ya nyumbani uzeeni.

Nimeulizia kwa mtu anayejua. Mji mzima wamegawa vijitabu mia moja na ishirini tu. Kumi na kimoja kati ya hivyo viko mtaa mmoja, na mtaa huo mimi ndiye mkwe wake! Usingizi wote uliniruka.

Niweke wazi hapa, kwa kuwa shajara ni siri: huu si udanganyifu. Ni kuwasaidia wananchi kujaza fomu.

Kwenye kikao cha asubuhi Shangazi naye alileta wazo lake. Anasema stesheni inayoongoza mjini ina muziki mtamu, watu wanaiwasha halafu wanaendelea na mambo yao. Lakini sisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunaposoma matangazo ya vifo, watu wanaacha kupiga mswaki. Wanawanyamazisha watoto. Kila mtu anatega sikio asije akapitwa na msiba wa mtu wake. Basi anataka kuuza nusu saa hiyo. Kwa nani? Kwa wale ambao watu wakifiwa huwatafuta. Seremala wa majeneza. Wenye mahema, viti, sufuria kubwa, mabasi.

Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia Shangazi, utatangaza jeneza redioni, na nani ataenda kulijaribu kama linamtosha? Fundi mitambo, yule anayeutunza mtambo wetu wa kurushia matangazo, naye alicheka sana. Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa anaandika kitu. Labda mambo yake ya nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Kazi imekwisha. Mikono inaniuma.

Nilifika mtaani kwa Mama Mkwe saa sita mchana na pakiti kumi na moja za biskuti. Hodi nyumba kwa nyumba. Mimi ni mkwe wa nyumba ya kona, nimesikia mmepewa vitabu vya kuwasumbua, nileteeni niwajazie. Walinishukuru kweli kweli! Mama mmoja akanishika kichwa akaniombea dua. Babu wa nyumba ya tano ni kiziwi, kijitabu chake kilikuwa cheupe kabisa. Akaniuliza kwa ishara kama ndiyo ile fomu ya kuvutiwa umeme. Nikamjibu kwa ishara kwamba ndiyo. Mtu mzima hapingwi.

Nikakaa barazani kwa Mama Mkwe na kalamu ya kijani, ile ya zawadi za stesheni. Mwanzoni nilikuwa mwangalifu. Nyumba ya kwanza niliipa saa tatu kwa siku. Halafu nikajiuliza, kwa nini tatu? Ubahili wa nini? Nyumba ya pili saa saba. Ya tatu saa kumi na mbili. Kuanzia ya nne nikaacha kutia alama moja moja, nikawa navuta mstari kutoka juu ya ukurasa mpaka chini, usiku na mchana. Mapenzi ya kweli hayalali. Babu kiziwi nimempa saa ishirini na nne kwa siku saba. Ndiye msikilizaji wetu bora mjini.

Mama Mkwe alikuwa anachambua mchele kando yangu. Akauliza kama hii si dhambi, mwanangu. Nikamwambia hii ni takwimu, Mama. Akarudi kwenye mchele wake. Neno hilo huwa linanisaidia sana.

Jioni tumekaa nyumbani, redio inaimba kama kawaida. Mke wangu akaongeza sauti, maana wimbo ulikuwa mzuri. Mara mtangazaji akataja jina la stesheni. Si yetu! Nikafikiri ni lini tuliwasha yetu humu ndani. Sikukumbuka. Si kitu. Mganga hajigangi.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi sasa analeta watu mpaka ofisini. Leo kaja na Seremala, ndiye mkubwa wao, ana karakana ya majeneza nyuma ya soko. Mtu mrefu, mkimya, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Walijifungia chumba cha mikutano. Nilipita mara nne nikijifanya natafuta stepla. Mara zote nne Shangazi kafunga mdomo, Seremala ndiye anaongea. Kuuza gani huko? Mimi ningekuwa nimeshamwonyesha grafu tatu.

Baadaye nikamuuliza wamezungumza nini muda wote huo. Akasema wamezungumza aibu. Seremala kamwambia watu wakifiwa wanaona haya kuuliza bei. Wanachukua cha kwanza walichoonyeshwa, kisha wanalia mara mbili, siku ya mazishi na siku ya kulipa deni. Basi tangazo lake litasema bei kwa sauti ya upole, litasema karakana iko wapi, halafu kimya cha sekunde tatu. Kimya! Mtu analipia kimya! Nimesoma masoko miaka miwili, sikumbuki sura yoyote ya kuuza kimya.

Halafu akaniambia tugawane. Mimi nichukue wenye mahema na viti, yeye abaki na Seremala na mabasi, Ijumaa tupeleke pamoja na Mkurugenzi aamue mwenyewe. Alisema anaona nahangaika. Nahangaika! Mimi! Nikamshukuru kwa upole wa mtu anayejua kesho yake ataoga soda. Nikamwambia mafahali wawili hawakai zizi moja. Akaniambia yeye si fahali, akaenda zake.

Suti iko kwa dobi. Nimemwambia itangulie kabla ya nguo za watu wengine wote.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika mlango nimeufunga.

Matokeo yalikuwa yatoke saa nne. Saa nne hayakutoka. Saa tano wakasema kuna uhakiki kidogo. Yule ofisa wa soda akanipigia, nikamwambia uhakiki ni dalili njema, wanaohakikiwa ni wale waliopanda sana. Akasema basi ana kalamu mkononi.

Saa tisa Mkurugenzi akatuita, mimi na fundi mitambo. Nikafikiri labda anataka nguvu ya mtambo iongezwe, maana wasikilizaji wamekuwa wengi. Nikaingia natabasamu. Ndani wamekaa watu wawili wa utafiti. Mezani vijitabu kumi na kimoja, vyote vimefunguliwa, kijani kitupu kama shamba la mpunga.

Mtafiti hakunisalimu. Akamgeukia fundi, akamuuliza mtambo wetu huzimwa saa ngapi. Fundi akajibu saa sita usiku, unawashwa saa kumi na moja alfajiri, kuokoa umeme. Kila siku. Miaka kumi na minne sasa. Akaongeza kwamba imeandikwa kwenye kibao pale mlangoni.

Huzimwa?! Nina miaka sita hapa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia! Na hicho kibao kiko juu sana.

Ndipo mtafiti akaanza kusoma. Nyumba nane za mtaa mmoja, wiki nzima, zimesikiliza stesheni yetu saa saba usiku, saa nane, saa tisa na saa kumi, wakati haipo hewani. Akasema wao wamezoea watu wanaosahau walichosikia, ila hii ya watu kusikia kisichokuwepo ndiyo mara ya kwanza. Halafu wamekwenda kumtembelea huyo msikilizaji wa saa ishirini na nne. Babu aliwapokea vizuri, akawauliza kwa ishara umeme unavutwa lini.

Mtaa wote umefutwa kwenye utafiti. Sisi ni wa sita. Ofisa wa soda alipopata habari alinipigia, akasema kalamu ameirudisha mahali pake, akakata.

Watafiti walipoondoka, Mkurugenzi alifunga mlango. Nikangoja matusi. Hakutukana. Akauliza tu nyumbani kwangu tunasikiliza stesheni gani. Nikasema yetu, Mkurugenzi, tutasikiliza ipi tena? Akauliza saa moja jioni yetu ina kipindi gani. Nikasema muziki. Fundi akainamisha kichwa. Kumbe ni ufugaji wa kuku, na kina miaka mitano.

Akasema tuonane kesho saa nane kama tulivyopanga. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Niseme kweli, niliogopa. Sina kazi nyingine ninayoijua, nina watoto watatu, na Jumapili ukoo mzima unakuja kula kwa ajili yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nane kamili. Mimi mikono mitupu, na suti iliyopigwa pasi vizuri mno. Shangazi na bahasha ya kaki.

Alitoa mikataba saba, akaipanga mmoja mmoja. Seremala. Mabasi. Mahema. Viti. Sufuria. Mwenye spika. Mwenye duka la vitambaa. Kila mmoja mdogo, lakini wote ni wa mwaka mzima, na kwa pamoja ni minono kuliko soda yangu ambavyo ingekuwa. Wenye maua na mpiga picha walichelewa, wamekosa nafasi, sasa wako kwenye orodha ya kungojea. Orodha ya kungojea! Kwenye stesheni ya sita!

Mkurugenzi alisimama. Sijawahi kumwona akisimama kwa ajili ya karatasi. Akasema wenye kuongoza wanauza umati, sisi tunauza dakika ambayo mtu katega sikio. Akasema mfanyabiashara hana haja na wanaosikia, ana haja na watakaogonga mlango wake, hata wakiwa kumi. Akasema mwenye duka akishaona kumi hao, haulizi tena tuko wa ngapi. Maneno yote aliyasema huku ananiangalia mimi. Nikatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana.

Kiti kapewa Shangazi. Akakaa. Hakukizungusha hata mara moja! Mimi ningezunguka mpaka kizunguzungu.

Barua yangu ya kuachishwa kazi ilikuwa tayari mezani. Nililiona jina langu likiwa juu chini, nikalitambua hata hivyo. Hapo Shangazi akaomba kusema. Alisema Profesa mdomo anao, anachokosa ni masikio, na masikio yanafundishika. Mkurugenzi akaikunja barua, akasema mwezi mmoja. Nipewe mteja mmoja. Nikimtunza, nabaki. Nikimpoteza, nichukue tai zangu nne.

Shangazi akanipa Seremala. Mkubwa kuliko wote! Baada ya yote niliyomcheka! Nilitaka kulia, na nililia kidogo, chooni, bomba limefunguliwa.

Masharti yake hayazidi pumzi moja: nenda, kaa, sikiliza, usibuni kitu.

Jumapili, 16 Machi

Chakula. Ukoo. Watu ishirini na saba na kuku wanne.

Nilikuwa nimeazimia kusema ukweli kabla ya kula. Kisha nikaona mtu husema ukweli vizuri zaidi akishashiba. Mama Mkwe akaniwahi. Alisimama katikati ya watu na mwiko mkononi. Akasema watu wa utafiti wamempitia mara mbili wiki hii. Sasa mtaa mzima unajua kitabu kimesema yeye yuko macho saa nane usiku, kila siku, wiki nzima. Majirani wanamuuliza anafanya nini saa hiyo. Jirani wa kulia ameanza kufungia kuku wake ndani. Miaka sitini na nne kaishi na jina safi, akasema, leo anaambiwa mchawi kwa kalamu ya mkwe wake!

Nilisema samahani, Mama. Nilisema kwa moyo wote. Yule mama aliyenishika kichwa na kuniombea dua alikuwepo pia, akaniambia ile dua ameirudisha.

Shemeji mkubwa akauliza, haya, na kile kiti? Nikasema kapewa Shangazi. Akauliza shangazi wa nani. Nikasema si wa mtu. Watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje kupata hewa. Shemeji alinitambulisha kwa mgeni wake aliyechelewa: huyu ni yule wa saa nane usiku.

Mke wangu hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alikusanya sahani akaenda jikoni, nikamfuata. Akaniambia polepole, bila kunitazama, kwamba yeye hakuolewa na kiti. Anachotaka ni mume ambaye akisema jambo, jambo lipo. Nikamwapia palepale, mkono juu ya sinki. Kwa Seremala nitafuata maneno ya Shangazi nukta kwa nukta. Akasema tutaona, akanipa kitambaa nikaushe vyombo. Nimekausha vyote. Nimebadilika, najisikia kabisa.

Jumanne, 18 Machi

Ushindi!

Nimekwenda karakana asubuhi. Nimekaa kwenye gogo. Nimesikiliza. Dakika nne nzima, nimepima kwa saa! Seremala alikuwa anapiga randa ubao mrefu, hakutoa neno. Sasa msikilizaji afanye nini? Tunza mteja, nimeambiwa. Nikaona nimtunze.

Na sikubuni kitu, niandike hilo lieleweke. Nilikumbuka tu somo la darasani, lile la mteja mwaminifu. Nikamwambia mzee wangu, tatizo la biashara yako ni kwamba mteja akishachukua mzigo, harudi. Tumpe sababu ya kurudi. Tumpe kadi! Familia ikinunua majeneza matano, la sita bure. Kila mwisho wa mwezi tunachezesha droo, mshindi anafika studio mwenyewe kuchukua zawadi yake. Na kile kimya cha sekunde tatu tunakijaza muziki wa kuchangamsha.

Nilimwonyesha kadi moja. Zilichapwa jana, mia tano, rangi mbili. Tangazo lenyewe nimelirekodi jana jioni kwa sauti yangu, fundi kaliingiza kwenye ratiba. Linaruka hewani kesho asubuhi, tena mwanzoni kabisa, kabla ya jina la marehemu wa kwanza. Shangazi sijamwambia, wala mke wangu. Nataka wasikie redioni kama watu wengine.

Seremala akasimamisha randa. Akaipokea kadi, akaisoma mbele na nyuma. Akanitazama kutoka unyayoni mpaka utosini, taratibu. Wazo zito humfanya mtu hivyo. Kisha akaniuliza urefu wangu. Nikamwambia. Akauandika kwa penseli kwenye ule ubao, akachukua utepe, akanipima na mabega.

Sijui ananitengenezea nini, na zawadi haiulizwi. Nimemwambia tu asinibane sana, mimi napenda nafasi.